Ningekuja

"Mama, hapa mwalimu kanikosesha nini?" Daftari la Kiswahili, wino mwekundu juu ya "Ningejua ningalikuja". Nikamweleza: -nge- huenda na -nge-, -ngali- na -ngali-, usizichanganye. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na ile sentensi, maana niliwahi kuiharibu kwa Kihindi, Agra, mbele ya mfiwa.

Anti mwenye nyumba alifiwa na mama yake nikiwa Jaipur. Wahindu hawakawizi maiti. Narudi siku ya tatu, mwili umeshachomwa, ngazi zimejaa viatu. Nikavua vyangu, nikaketi chini kwenye shuka jeupe pamoja na wanawake wengine. Akaniuliza mbona sikuonekana.

Jibu nilikuwa nimelipanga tangu kwenye basi. Kihindi hakina -nge-. Unachukua mzizi wa kitenzi, unaubandika -ta kwa mwanamume, -ti kwa mwanamke, -te kwa wanaume wengi, kisha unaishia hapo hapo. Sharti hutanguliwa na agar, jibu hutanguliwa na to. Agar waweza kuimeza, to usiimeze. Basi: Agar mujhe pata hota, to main aati, yaani ningejua, ningekuja. Mtego wa kwanza niliuruka vizuri. Nilisema hota, sikusema hoti, japo mimi ni mwanamke, kwa kuwa kitenzi hapo kinafuata pata, yaani "habari", nalo kwao ni neno la kiume. Nikajivuna kidogo, kilioni hapo hapo. Halafu mazoea ya darasani, ya kufunga kila sentensi ya wakati uliopita kwa tha au thi, yakanishinda ulimi: main aati thi.

Kijineno hicho kinaiua dhana yote. "Ningekuja" inageuka "nilikuwa nikija", kama mtu anayesimulia desturi yake ya zamani. Nimemwambia mfiwa: ningejua, nilikuwa nikija.

Anti alinitazama, ncha ya sari imeziba mdomo. Feni ya darini ilikuwa ikikwaruza. Akauliza taratibu, "Kab aati thin?" Ulikuwa ukija lini? Wifi yake aliyeketi pembeni akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani kilio kimemrudia. Kumbe anacheka.

"Thi hatao," Anti akasema. Ondoa thi.

Nikaiondoa. "Main aati."

Akayumbisha kichwa namna yao ile. Chai ikaletwa, watu wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Ninaaga, akanishika mkono: "Maine phone kiya hota, to tum aa jaatin." Ningalikupigia simu, ungalikuja. Nilipanda ngazi nikiichambua. Jambo lilishapita kabisa, ndiyo maana kiya hota, wala si karti. Ile ne iliyogandana na "mimi" imekifanya kitenzi kimwache yeye mwanamke na kufuata simu, ambayo kwao ni ya kiume. Jaatin imeishia puani kwa sababu tum hushikwa kama wengi, hata akiwa mtu mmoja. Kila kiungo mahali pake, hakuna thi popote.

Nilikuwa nimeshazima taa ndipo nilipojiuliza kama ule ulikuwa mfano wa sarufi, au Anti alikuwa akiniomba radhi.