Ninavyowapima masefti wa vyuo kabla ya drafti ya NFL

Katika mpira wa Kimarekani hakuna anayeonewa na televisheni kama sefti. Kamera inafuata mpira, naye amesimama yadi 12 hadi 15 nyuma ya mstari wa kuanzia, nje ya kioo. Anaingia kwenye picha pale mambo yameshaharibika au pale ameshanasa pasi. Kwa hiyo ukimtazama kwa matangazo ya kawaida tu, utamjua kwa ajali zake na bahati zake. Nilipoanza kazi hii ya kuwapima kabla ya drafti, yaani pale timu za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, niliwapanga masefti kwa idadi ya pasi walizonasa na muda wao wa kukimbia yadi 40, na orodha zangu hazikuwa na maana yoyote. Sasa naanza na sekunde moja na nusu ya kwanza baada ya snapu, yaani mpira unapoanzishwa, halafu pembe anayokimbilia. Mengine yanafuata nyuma.

Kwa anayetokea kwenye soka: masefti ni mabeki wa mwisho, kwa kawaida wawili. Nyuma yao hakuna mtu, kuna goli tu. Konabeki, yaani beki wa pembeni, akipitwa, sefti anaokoa. Sefti akipitwa, unasikia bendi ya wapinzani ikipiga.

Kwa kila mchezaji natazama mechi nne au tano kamili, na klipu za mambo yake mazuri sizigusi. Nachagua moja dhidi ya timu inayopasi sana, moja dhidi ya kwotabeki (mrushaji wa pasi) anayekimbia, moja ya Novemba mwili ukiwa umechoka, na moja ya msimu uliotangulia nione kama amekua. Ya tano ni ile ambayo timu yake ilifungwa vibaya. Hiyo siiachi kamwe. Mechi moja humpa beki snapu 60 hadi 70 hivi, kwa hiyo unapata karibu 300. Chini ya 200 unakisia.

Video ndiyo shida ya kwanza. NFL huwauzia mashabiki picha ya kamera ya juu inayowaonyesha wachezaji wote 22. Ya vyuo kwa kawaida hubaki kwa makocha na maskauti. Sisi wengine tunabanana na matangazo ya televisheni, na yana namna yake ya kusomwa. Kabla ya snapu kamera mara nyingi inakuwa pana kidogo: simamisha hapo, hesabu mistari (uwanja umechorwa mstari kila baada ya yadi 5), andika kina cha sefti. Halafu subiri marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya goli, maana hapo ndipo anaonekana mzima. Pale asipoonekana naandika "hayupo" na kuendelea. Kumkisia mtu kwa matokeo ya mchezo ni kosa linaloharibu daftari lote. (Mechi ya saa sita mchana ya mashariki ya Marekani huanza saa moja jioni Afrika Mashariki, na kuanzia mapema Novemba inakuwa saa mbili. Ya moja kwa moja naangalia kwa raha. Kalamu naitoa kwenye marudio.)

Daftari langu lina safu saba: jaribio la ngapi kati ya manne na yadi zilizobaki, kina, mahali aliposimama, hatua ya kwanza, kazi aliyopewa, alichofanya, na sababu. Alama ni 0, 1 au 2. Safu ya sababu ndiyo inayonilipa. Ukiandika "amekosa kuangusha" (yaani mwenye mpira amemponyoka) mara tisa hujajifunza kitu. Ukiandika kwamba mara saba kati ya hizo alisimamisha miguu, umepata tatizo ambalo kocha anaweza kulifanyia kazi.

Kabla ya kumhukumu yeyote, elewa kwamba uwanja wa chuo haufanani na wa NFL, ingawa upana ni ule ule wa futi 160. Tofauti iko kwenye mistari ya heshi, inayoamua mpira uanzie wapi. Vyuoni mistari hiyo imeachana futi 40; NFL ni futi 18 na nusu. Mpira ukiwa kwenye heshi ya chuo, upande mwembamba una futi 60 na upande mpana una futi 100, yaani yadi 33 na kidogo. Kwenye NFL upande mpana hauzidi futi 89 na robo. Ndiyo maana timu nyingi za vyuo huwa na sefti wa upande mpana, mwepesi, anayecheza mbali, na sefti wa upande mwembamba anayesogea karibu na kupambana na wakimbiaji. Kwenye NFL pande hizo zinakaribiana, na wote wawili wanatakiwa waweze kazi zote mbili. Kwa hiyo sefti wa upande mwembamba aliyeng'ara msimu mzima, mimi humuuliza swali moja: ni snapu ngapi amecheza akiwa na nafasi kubwa ya kulinda? Nikipata 20 tu kati ya 300, naandika hivyo, na daraja linashuka. Si kwamba ameshindwa, hajaonyesha. Kinyume chake, sefti wa upande mpana anayechelewa hatua moja kufika kwenye mstari wa pembeni namsamehe kidogo.

Sheria nyingine inayowachanganya watu ni ya walinzi wa safu ya mbele ya ushambuliaji. Kwenye pasi, vyuoni wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele ya mstari wa kuanzia. NFL ni yadi 1. Hapo ndipo RPO, mchezo ambao kwotabeki anaamua papo hapo kumpa mkimbiaji mpira au kupasi, inapowatesa masefti wa vyuo: mlinzi anakuja mbele kama mchezo ni wa kukimbia, sefti anapanda kumzuia mkimbiaji, na kwotabeki anachomoa mpira na kuurusha mahali sefti alipotoka. Ukimwona ameingia mkenge hivyo mara tatu, usikimbilie kusema hana akili ya mchezo. Angalia kwanza kama makocha walimpa kazi mbili kwa snapu moja. Geresha ya kawaida, ya kukimbia halafu pasi ndefu, ni kesi nyingine. Kama ana jukumu la katikati ya nyuma peke yake na bado anapanda hatua tatu, hilo ni lake.

Nichukue mchezo mmoja, kwa sababu hapa ndipo napima zaidi. Kava 3, ulinzi ambao mabeki watatu wanagawana eneo la nyuma: sefti yuko peke yake katikati, yadi 13. Wapinzani wanatuma wapokeaji wanne moja kwa moja mbele, na wawili wa ndani, waliopangwa karibu na katikati, wanapita kushoto na kulia kwake. Hawezi kuwakaba wote wawili. Anachotakiwa ni kurudi kinyumenyume, nyonga zikiwa zimetazama mbele, akae katikati yao bila kujiuza, huku macho yakiwa kwa kwotabeki. Kwotabeki mjanja atatazama kushoto ili amvute, kisha arushe kulia. Ishara ya kweli ni mkono usiorusha: ukiachia mpira, pasi inatoka. Hapo nasimamisha video na kuhesabu fremu kuanzia mkono huo uachie mpira hadi mguu wa sefti ukate kuelekea pasi. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, fremu 6 hadi 8 ni kazi nzuri. Zikizidi 12 amechelewa, na pasi itampita juu kama kanzu. Wapo wanaokata kabla mkono haujaachia. Hao hubahatisha: mara mbili watanasa pasi na utawaona kwenye klipu, mara ya tatu wamefungwa yadi 60.

Fremu hizo ndizo zilizonifanya niache kuogopa muda wa yadi 40. Kati ya 4.59 na 4.45 kuna sekunde 0.14, sawa na fremu nne hivi, na kwa mtu aliye kwenye mbio kali ni kama yadi moja na nusu. Anayesoma mkono fremu nne mapema ameshalipa deni lote. Tena sefti ni nadra kukimbia yadi 40 zilizonyooka akianzia kusimama. Mbio zake nyingi ni za yadi 10 hadi 20, na huwa ameshaanza kutembea. Kyle Hamilton wa Notre Dame, futi 6 na inchi 4, pauni 220, alikimbia 4.59 kwenye vipimo vya NFL vya Indianapolis mwaka 2022. Alichukuliwa wa 14 na Baltimore Ravens, na msimu wa 2023 akawa kwenye kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani wachezaji bora wa msimu. Nick Emmanwori wa South Carolina alikimbia 4.38 akiwa na pauni 220 na kuruka juu inchi 43, maajabu kwa kweli, na bado drafti ya 2025 ilimpeleka raundi ya pili, wa 35, kwa Seattle Seahawks. Muda wa yadi 40 nautumia kama kengele tu: ukipita 4.65 narudi kwenye video kutafuta alipoachwa nyuma. Nisipopata, nauacha. Namba ninayoiheshimu zaidi ni ya koni tatu, mbio fupi ya kuzunguka koni, kwa sababu inapima kugeuka; chini ya sekunde 7 inaniridhisha. Tatizo ni kwamba wengi hawaikimbii kabisa.

Kuangusha nako kunaanza na pembe. Mkimbiaji ametokea nje, anapanda kwenye mstari wa pembeni. Sefti yuko yadi 15 ndani. Akimkimbilia pale alipo sasa atamkuta ameshapita na atabaki kumfukuza kwa nyuma. Akikimbilia mbali mno, mkimbiaji anakata ndani na sefti anapigwa chenga mchana kweupe. Pembe sahihi humwacha mkimbiaji hatua moja mbele, upande wa ndani, jicho likiwa kwenye nyonga yake. Mabega na kichwa hudanganya, nyonga haidanganyi. Ukifika yadi 3 hivi, fupisha hatua bila kusimama. Makosa nayaweka mafungu manne: pembe mbaya, miguu imesimama, kichwa kimeinama, na mikono imetangulia mwili. Kichwa kuinama ndilo linalonitisha zaidi, kwa ajili ya shingo ya mtu na kwa sababu anayelenga kichwa cha mpinzani vyuoni hutolewa nje ya mchezo tangu 2013. Mikono kutangulia mara nyingi ni uchovu, kwa hiyo angalia robo ya mechi ilikuwa ya ngapi. Kwa jumla, anayekosa chini ya moja kati ya kumi namwamini. Akizidi 15 kati ya 100 simweki nyuma peke yake hata awe na kasi ya duma.

Kimo hakinisumbui sana kwenye kuangusha. Budda Baker ana futi 5 na inchi 10, Antoine Winfield Jr. futi 5 na inchi 9. Mmoja alichukuliwa wa 36 mwaka 2017, mwingine wa 45 mwaka 2020, na wote wamekuwa All-Pro. Kimo kinauma kwenye kukaba taitendi (mpokeaji mkubwa anayepangwa karibu na safu ya mbele) mrefu mbele ya goli, basi.

Kukaba mtu kwa mtu ndiko kunakonitesa mimi mpimaji, maana kwa masefti wengi mifano ni michache. Natafuta kila snapu aliyomkaba mpokeaji wa ndani na kutazama jambo moja: mpokeaji akivunja kasi ghafla, je, sefti anageuza nyonga mara moja au anahitaji hatua mbili za kujiweka sawa? Hatua mbili ni yadi mbili, na kwenye NFL yadi mbili ni pasi iliyokamilika. Mafunzo ya Senior Bowl, mechi ya wachezaji wanaomaliza chuo, kule Mobile yana mazoezi ya mmoja kwa mmoja yanayosaidia hapa, ila yanampendelea mpokeaji, aliye na uwanja mtupu na kwotabeki asiyesumbuliwa. Nahesabu alivyogeuka tu. Kama mpira ulidakwa, siandiki.

Pasi zilizonaswa nazigawa mara mbili, kazi na zawadi. Zawadi ni ile iliyogonga mikono ya mtu mwingine ikamwangukia, au iliyorushwa bila lengo mchezo ukiwa umeshakwisha. Mtu wa pasi sita akibaki na mbili za kazi si mbaya, lakini si yule wa magazetini. Nazihesabu pia pasi ambazo hazikurushwa kabisa kwa sababu alikuwa mahali sahihi na kwotabeki akaushikilia mpira. Hizo hazimo kwenye takwimu yoyote, na bila video ya nyuma ya goli huzioni.

Daraja la mwisho linategemea soko pia. Timu haziwanunui masefti kwa bei ya juu: mwaka 2023 na 2024 hakuna hata mmoja aliyechukuliwa raundi ya kwanza. Kwa hiyo ninayemwita wa raundi ya kwanza lazima aweze katikati ya nyuma, karibu na mstari, na juu ya mpokeaji wa ndani. Mwenye kazi mbili ni raundi ya pili au ya tatu. Mwenye kazi moja anaingia siku ya mwisho, raundi ya nne hadi ya saba, na huko natazama snapu zake za mipira ya kupigwa kwa mguu kuliko za ulinzi, kwa kuwa ndizo zitakazomlisha mwaka wa kwanza.

Ripoti yenyewe ni mistari michache. Mfano wa moja niliyoiandika, bila jina: "Upande mwembamba, snapu 311, hayupo 94. Anasoma mkono kwa fremu 7. Ameangusha 41, amekosa 5, nne kati ya hizo miguu imesimama. Mpokeaji wa ndani: snapu 18 tu, hatua mbili kugeuka. Pasi 4, kazi 3. Raundi ya nne." Akikimbia koni tatu chini ya sekunde 7 siku ya vipimo chuoni kwake, nitarudi kwenye zile snapu 18 kabla sijagusa daraja.