Mzee Ametangulia, Nani Anamwombea?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wana jumuiya.

Wiki hii kuna jambo limenikaba kooni, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Ni ile bajeti ya kumaliza msiba wa mzee wetu, sajini mstaafu. Imezunguka kwenye kundi letu la simu: maturubai, viti, wapishi, MC, muziki, mpiga picha wa video, fulana zenye sura yake akiwa ndani ya magwanda. Kila mstari una kiasi chake na jina la aliyeahidi. Sadaka ya Misa ya kumwombea haimo. Siamini kama kuna aliyeikata kwa makusudi. Nadhani kila mmoja alijisemea moyoni kwamba mzee kama yule hahitaji kuombewa. Si tulitamka wenyewe makaburini, "Huyu kaenda moja kwa moja"?

Nani katupa mamlaka hayo? Mwalimu Nyerere, aliyejulikana kwa kuhudhuria Misa asubuhi hata akiwa Ikulu, mchakato wake wa kutangazwa mtakatifu ulifunguliwa Jimbo la Musoma miaka ya 2000, na Kanisa limekwenda nao taratibu, kwa ushahidi na kwa sala. Sisi tunamaliza kazi hiyo kwa dakika tano na kipaza sauti.

Sifa za mzee ni za kweli, wala sitaki kuzipunguza. Alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda mstari wa mbele baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, akarudi nyumbani baada ya Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Misa ya kwanza ya Jumapili ni saa 12 asubuhi. Saa 11:40 yeye keshapiga magoti, viatu vimepigwa kiwi hata masika ikiwa imegeuza mtaa kuwa bwawa. Daftari la zaka alilipiga mistari kwa rula. Mgonjwa akitakiwa kuletewa Komunyo, alikuwa anatangulia nyumbani kwake kukagua: meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, maji kidogo kwenye glasi, runinga izimwe. Akikuta familia inasubiri mgonjwa apoteze fahamu ndipo imwite padri, aligomba. Mpako wa wagonjwa ni kwa mtu anayeumwa sana, bado anasikia, bado anaweza kuungama. Wangapi tumewaita mapadre waje kumkuta mtu keshakata kauli?

Maandiko yanamjua mtu wa namna hii. Kornelio wa Matendo ya Mitume 10 alikuwa akida wa jeshi la Kirumi, mcha Mungu pamoja na nyumba yake yote, mwenye kutoa sadaka nyingi na kusali daima. Na kila tunapokwenda kukomunika tunatumia maneno yanayotokana na ya akida mwingine, yule wa Kafarnaumu: Ee Bwana, sistahili uingie kwangu. Angalieni, sala ya mwisho kabla ya Komunyo Kanisa limeazima kwa mwanajeshi, na alichosema mwanajeshi huyo ni kwamba hastahili.

Mzee wetu aliisema Jumapili zote hizo. Sisi tukasimama kaburini tukamjibia kwamba alistahili.

Someni Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 12, kuanzia aya ya 38. Ni habari ya askari, na ndiyo maana nimeichagua. Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, na watu wake wanarudi uwanja wa vita kuwachukua wenzao waliouawa, wawazike makaburini mwa baba zao. Wanapowainua wanakuta, chini ya nguo za kila aliyekufa, hirizi za miungu ya Yamnia. Watu waliokufa wakilipigania taifa la Mungu! Yuda angeweza kuzificha hirizi zile na kusoma wasifu mzuri. Angeweza pia kuwatupa kama wasaliti. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwaweka watu wake magotini waombe dhambi ile ifutwe, akachangisha drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Mwandishi anasema kama hakutumaini ufufuko, kuwaombea wafu kungekuwa kazi bure.

Huo ulikuwa mchango wa msiba, ndugu zangu. Ulikuwa na kiasi, ulikuwa na mkusanyaji, na ulikwenda altareni.

Sisemi mzee alikuwa na hirizi. Nasema hakuna anayejua kilichokuwa chini ya magwanda, na upendo haungoji kujua. Mtu aliyeona vita hubeba mambo ambayo mkewe hakuyasikia. Mengine aliyaungama, mengine pengine hakupata maneno ya kuyasemea. Toharani, roho zinakotakaswa baada ya kufa, ndiko Mungu anakomalizia kazi hiyo kwa huruma yake, na katupa sisi nafasi ya kusaidia. Mtakatifu Gregori Mkuu alipokuwa mkuu wa monasteri alikuwa na mmonaki aitwaye Yusto, aliyekutwa ameficha sarafu tatu za dhahabu kinyume cha ahadi yake. Yusto alikufa akiwa ametubu. Bado Gregori aliagiza Misa siku 30 mfululizo kwa ajili yake, na ndiko zilikotoka Misa za Gregori tunazozisikia mpaka leo. (Anayezitaka ajue masharti: siku 30 bila kuruka, marehemu mmoja tu, ingawa padri si lazima awe yule yule. Parokia yenye nia nyingi kila siku huzimudu kwa shida, hivyo ulizeni kwenye nyumba za watawa wenye mapadre.)

Na mzee mwenyewe aliijua kazi hii kuliko sisi. Nyuma ya kitabu chake cha sala palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, majina ya wenzake ambao hawakurudi, kila jina na cheo, mengine ni majina ya utani tu kwa sababu kambini ndivyo walivyoitana. Kila Novemba 2 aliyanakili upya kwenye bahasha na kuipeleka parokiani. Mwalimu alilitangazia taifa vita Novemba 2, 1978, siku ile ile Kanisa linapowaombea Marehemu Wote. Yeye hakuiacha ipite hivi hivi. Kwenye orodha mlikuwa na Waislamu, na hakukuwa na kosa: Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa inampa padri uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, mzima au marehemu. Je, mwaka huu karatasi ile anayo nani? Nimeuliza wanawe wawili. Kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake.

Pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyosimama tangu 1927, waliahidiwa waliopigana Vita Kuu ya Kwanza kwamba hata wakifa watoto wao watalikumbuka jina lao. Ahadi nzuri, lakini Mkristo anadai zaidi ya jina kukumbukwa.

Basi Novemba hii tufanye hivi.

Nia ya Misa iandikishwe ofisi ya parokia walau wiki moja kabla. Bahasha inayosukumwa sakristia kengele imeshagongwa, imeandikwa "kwa nia yangu" au "marehemu babu," husomwa kwa kubahatisha. Andika jina la ubatizo na la ukoo, neno marehemu, na familia inayoomba. Kiwango cha sadaka huwekwa na maaskofu, ofisini watakuambia. Asiye nacho asione haya: Kanuni ya 945 inawahimiza mapadre kuadhimisha Misa kwa nia ya waamini, hasa maskini, hata bila kupokea sadaka. Chagueni Misa ya siku ya kazi, ile ya alfajiri, ambayo nia ni chache. Halafu njooni. Hapa ndipo tunapoharibu zaidi: bahasha inakwenda kanisani, mwenye bahasha anabaki amelala.

Kuna rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, ambayo Kanisa linatufungulia tangu Novemba 1 hadi 8, kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kama ni kwa moyo tu. Ni kwa ajili ya marehemu peke yao, na ni moja kwa siku. Masharti yake ni kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na kuwa na moyo uliojitenga na kila dhambi, hata ndogo. Ungamo moja linaweza kutumika kwa rehema za siku kadhaa. Komunyo na sala ya Baba Mtakatifu hurudiwa kwa kila rehema. Sharti la moyo likipungua, rehema inakuwa isiyo kamili, lakini haipotei. Wengi mnaniambia, "Mzee kazikwa kwao Mbinga, nauli sina." Sharti halisemi kaburi lake. Linasema makaburi. Nenda Kinondoni, nenda Pugu, simama kwenye makaburi yoyote na umtaje wa Mbinga. Na asiyeweza kutoka siku hizo, Novemba 2 yenyewe aingie kanisani asali Baba Yetu na Nasadiki, kwa masharti yale yale.

Nilitaka niendelee na habari za Mtakatifu Martino wa Tours, mwanajeshi aliyekata vazi lake nusu akampa maskini, maana sikukuu yake ni Novemba 11. Lakini nimekumbuka jambo zito zaidi, nanyi mtanisamehe ukali.

Mama, mjane wa mzee, yupo kitandani. Mmesahau? Tangu apooze, mzee ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mwenyewe aliziita zamu. Wiki ya kwanza ya msiba nyumba ilijaa watu. Wiki ya pili walibaki binti na mjukuu. Sasa binti amerudi kazini, na mama anageuzwa asubuhi na jioni. Tunatengeneza fulana za mlinzi, lindo lake limebaki wazi! Yakobo 1:27 hatuihitaji isomwe tena, tunaijua kwa kichwa: dini safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao.

Zamu yenyewe si kazi ya kutisha, ila ina namna yake. Wawe watu wawili. Msimburute, ngozi ya mgonjwa wa kitandani huchanika kwa kuburutwa. Shuka lililokunjwa liwe chini ya mgongo na makalio, kila mmoja ashike upande wake, mmnyanyue kwa pamoja ndipo mmgeuze ubavu. Mto kati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, na kitu laini chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kisha kagueni penye mifupa: chini ya kiuno, nyonga, visigino, viwiko. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni palipo na weusi zaidi kuliko pembeni, pana joto, au pagumu. Hapo pasikandwe wala kusuguliwa, na mama asilazwe upande huo. Pakichubuka, aitwe muuguzi siku hiyo hiyo. Shuka likilowa libadilishwe bila kungoja zamu ijayo, na mikunjo inyooshwe. Mwisho kabisa, kabla ya kuondoka, salini naye fumbo moja la Rozari. Hawezi kuitikia kwa sauti, ila midomo yake inatembea.

Kinamama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wameshachukua mchana wote, Jumatatu hadi Ijumaa. Kinababa wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, mmechukua Jumamosi tu, nami sitasema zaidi. Katekista amemwomba padri amletee mama Komunyo Ijumaa ya kwanza. Wa zamu hiyo aandae meza kama mzee alivyotufundisha. Mweka hazina amekubali ahadi ya fulana igeuzwe kuwa nia ya Misa au nepi za wagonjwa. Usiku wa Jumanne na wa Alhamisi bado hauna mtu. Wanaotaka waandike jina na namba kwa katibu kabla ya sala ya Jumamosi.