Nilivyopima vichaka vya mileleshwa juu ya lava ya Menengai

Ukisimama ukingoni mwa Menengai, volkeno iliyo juu ya mji wa Nakuru, Kenya, sakafu ya kreta inaonekana kama imetandikwa kichaka cha aina moja, cha rangi ya kijivu. Nilitaka kujua ni nini hasa kinachoota kule, na kwa nini sehemu fulani ni nyeusi, karibu tupu, ilhali hapo jirani miti imesongamana hata huwezi kupita. Kreta ina ukubwa wa kilomita 12 kwa 8 hivi. Lava iliyomo ilimwagika baada ya kilele cha mlima kuporomoka, na haikutoka kwa mkupuo mmoja: ni mitiririko mingi, mmoja umeupanda mwingine.

Kazi ngumu ilikuwa kupima. Darasani tunafundishwa fremu ya mraba: unailaza chini, unahesabu mimea iliyomo. Kwenye mbuga inafaa sana. Kwenye lava haikai, kwa sababu kona moja iko juu ya jiwe na nyingine inaning'inia kwenye ufa unaoweza kumeza mguu hadi gotini. Kwa hiyo nilitumia futikamba ya mita 50. Unaifunga kwenye shina imara, unaivuta ikaze, kisha unatembea kandokando yake ukiandika kila mmea unapoanza na unapoishia chini yake. Ukijumlisha urefu uliofunikwa ukagawanya kwa 50, kisha ukazidisha kwa 100, unapata asilimia ya ardhi iliyo chini ya kila aina. Mleleshwa, kile kichaka cha kijivu, huchipua mashina mengi kutoka kisiki kimoja, kwa hiyo kuhesabu mashina kungenipa idadi isiyo na maana. Njia ya futikamba huikwepa shida hiyo.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni safu moja niliyoiongeza daftarini: mmea umeota wapi? Juu ya jiwe, ubavuni, au ndani ya ufa? Baada ya mistari michache picha ikaanza kujitokeza. Juu ya mawe meusi hakuna kitu ila likeni, zile koga kavu za kijivu zinazoshikamana na mwamba. Maisha yako ufani. Nililala kifudifudi nikachungulia mmoja: chini kulikuwa na vumbi laini, chembe za mawe mepesi ya volkeno na majani makavu yaliyopeperushwa, vyote vikifika kina cha kiganja hivi. Humo ndani kangaga wawili, shubiri mwitu mmoja, na mche wa mleleshwa usiozidi urefu wa kidole. Udongo wa kule juu huletwa na upepo, nao ufa huukamata.

Ndiyo maana sikubali maelezo kwamba umri wa lava pekee ndio unaoamua. Umri una uzito, lakini sura ya mwamba nayo ina lake. Lava iliyovunjika vipande vipande ina mifuko mingi ya kukusanya vumbi na kutunza maji ya mvua. Bamba laini linalong'aa kama kioo huyaacha yateleze. Pale mianya ilipojaa, mileleshwa imefungamana, na katikati yake kuna nyasi na dodonea, kile kichaka chenye majani ya kunata.

Mzee mmoja mchungaji alinionya mapema: "Usikanyage hapo, kijana wangu, hilo jiwe linacheza. Fuata palipo na nyasi." Nilimshukuru, kwa kuwa ushauri huo ulikuwa kanuni ya usalama na ya elimu ya mimea kwa pamoja: nyasi zikionekana, mwanya umeshajaa.

Mleleshwa wenyewe nimeupenda. Vikonyo vyake vimefunikwa na nywele nyeupe, na upande wa chini wa jani vilevile, jambo linalopunguza upotevu wa maji. Ukiliponda jani mkononi linanukia kafuri. Miti ya kiume na ya kike ni tofauti, na ya kike ikizaa hufunikwa na sufi nyeupe inayobebwa na upepo hadi kwenye nyufa mpya. Unapokatwa huchipua tena, lakini makaa yake yanasifika kwa moto mkali, na wakataji hawaupi nafasi ya kupumua. Naumia nikisikia watu wakiita mahali hapa pori tupu.

Ukitaka kujaribu, omba kibali kwanza, maana msitu wa Menengai ni wa serikali. Vaa buti ngumu na glavu nene, kwa kuwa lava hukata kama wembe. Anza alfajiri, kabla mwamba haujapata moto, na uende wiki chache baada ya mvua. Kiangazi mimea midogo ya ufani hunyauka, na huwezi kutaja jina la kitu kisicho na jani wala ua.