Nilivyomtafuta Berthe Weill kwa anwani ya duka lake

Ilianza na maandishi madogo chini ya picha. Nilikuwa kwenye tovuti ya makumbusho ya Guggenheim ya New York, natazama Le Moulin de la Galette, picha ya ukumbi wa dansi aliyoichora Picasso mwaka 1900. Chini kabisa wameorodhesha watu ambao picha hiyo imepita mikononi mwao. Mwanzoni yupo Berthe Weill wa Paris, kisha Arthur Huc wa Toulouse. Picasso nani asiyemjua? Lakini huyu mwanamke aliyeiuza picha ile Picasso akiwa kijana wa miaka 19 sikuwahi kumsikia, na Paris naishi mwaka wa tisa sasa.

Ninafanya kazi ya usiku, mapokezi ya hoteli. Kati ya saa nane na saa kumi alfajiri simu huwa hazilii, na saa hizo ndizo nilizompa yeye. Historia ya sanaa sikuisomea. Nilichokuwa nacho ni Kifaransa, daftari, na Gallica, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ambako magazeti na majarida ya zamani husomwa bure.

Niliandika "Berthe Weill", nikapata kidogo mno. Nikaandika jina la ukoo peke yake, ikawa gharika: Simone Weil mwanafalsafa, Kurt Weill mtunzi wa muziki, na akina Weill wengine wasiohusika kabisa. Isitoshe, mashine iliyozisoma kurasa hizo kuukuu huchanganya herufi, l ikageuka i au alama ya mshangao. Wiki tatu zilikwenda hivyo, na nilikaribia kumwacha.

Kilichonifungua macho ni tangazo fupi la maonyesho lililosema "Galerie B. Weill, 25, rue Victor-Massé". B, basi. Duka lile la picha alilifungua tarehe 1 Desemba 1901, na jina alilolitundika mlangoni halikumwambia mpita njia kwamba mwenyewe ni mwanamke. Miaka zaidi ya mia baadaye, B ile ile ilinificha na mimi. Tangu usiku huo niliacha kutafuta jina nikatafuta anwani. Namba ya nyumba na jina la mtaa mashine haivikosei sana, na waandishi wa safu za sanaa hawakusahau kuwaelekeza wasomaji pa kwenda. Duka lilipohama, niliifuata anwani mpya: 50 rue Taitbout mwaka 1917, 46 rue Laffitte mwaka 1920, kisha 27 rue Saint-Dominique. Anayetafuta mtu wa aina hii namshauri aanze hapo hapo, kwenye mlango wa duka.

Daftarini nilipiga mistari mitatu: tarehe, anwani, majina ya wachoraji ambao picha zao zilitundikwa. Ukurasa wa pili tu ulinifanya niinuke kwenye kiti. Februari 1902 yupo Matisse. Mwaka 1914 yupo Diego Rivera wa Meksiko. Na katikati yao wanawake ambao hawatajwi sana leo: Émilie Charmy, Jacqueline Marval, Alice Halicka, pamoja na Suzanne Valadon. Kwenye kadi zake Weill aliandika maneno yanayomaanisha "Wapisheni vijana", na daftari langu linashuhudia kwamba alimaanisha.

Baadaye nilinunua kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1933. Humo fedha zinasimuliwa waziwazi. Mtaji ulitoka kwenye pesa ambazo familia ilikuwa imemwekea ya kuolewa. Si mahari kama tuijuavyo sisi, kwa sababu kule upande wa mke ndio uliotoa. Pesa ya ndoa akaifanya duka. Picha tatu za kwanza za Picasso, za mchezo wa mafahali, alizinunua kwa faranga 100 akaziuza kwa 150. Ile ya ukumbi wa dansi Huc aliichukua kwa 250. Ukizisoma hesabu hizo unaelewa kwa nini hakutajirika: aliwashika wasanii wangali wachanga, wakipanda bei wanakwenda kwa wauzaji wenye mifuko mikubwa. Halafu vitabu vya historia vikawakumbuka hao wenye mifuko.

Sura niliyoirudia zaidi ni ya Desemba 1917, rue Taitbout, maonyesho pekee ya mchoraji Modigliani peke yake katika uhai wake. Picha ya mwanamke aliye uchi iliwekwa dirishani, na kituo cha polisi kilikuwa mkabala. Watu wakajazana. Weill akaitwa kwa mkuu wa kituo akaamriwa aziondoe picha za uchi. Alipouliza kosa ni nini, alijibiwa kwamba wanawake wale wamechorwa na nywele za mwilini. Iliuzwa michoro miwili tu, faranga 30 mmoja. Weill akanunua picha tano kwa pesa yake mwenyewe ili wakala wa Modigliani asivunjike moyo. Mwaka 2015, picha moja ya msururu huo wa wanawake walio uchi iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 170. Nilipoziweka namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, 30 na milioni 170, koo lilinikaba.

Weill alikuwa Myahudi. Chini ya utawala wa Wajerumani duka lilifungwa mwaka 1941, naye vita vilipokwisha alikuwa mzee asiye na kitu. Desemba 1946 wasanii na wauzaji walitoa kazi zaidi ya 80 zipigwe mnada kwa ajili yake. Alifariki mwaka 1951.

Asubuhi moja nilipotoka kazini nilipanda kwa miguu hadi 25 rue Victor-Massé, chini kidogo ya Pigalle. Kuna kibao cha ukumbusho ukutani, chenye jina lake kamili. Nilisimama nacho mpaka magari ya taka yalipopita.

Sasa niko kwa Jacqueline Marval. Amezaliwa Marie-Joséphine Vallet, karibu na Grenoble, na Marval ni jina alilojiundia kutoka kwenye majina yake mwenyewe, kwa hiyo nusu ya maisha yake imelala chini ya jina jingine. Jana usiku nilianza ukurasa wake. Mstari wa kwanza nimeandika anwani.