Mapigo Saba ya Fedha

Jumapili iliyopita, nyumbani kwa rafiki yangu huko Ntinda, Kampala, tulibishana hadi chai ikapoa kuhusu wimbo mmoja tu: “Money” wa bendi ya Pink Floyd, uliotoka mwaka 1973 katika albamu ya The Dark Side of the Moon. Rafiki yangu hupiga amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, na muziki humfikia vidoleni kabla ya kumfikia masikioni.

Hesabu haikutugombanisha. Roger Waters, mtunzi wa wimbo, alirekodi sauti za sarafu, zikaongezwa za karatasi inayochanwa na za mashine ya pesa ya dukani, kisha vipande vya utepe vikaunganishwa kuwa duara la mapigo saba, na mpiga amadinda hatishwi na saba. Ubishi ulianza pale gitaa la David Gilmour linapoingia na mdundo kugeuka kuwa wa mapigo manne. Nilidai kwamba katika saba mtu anazikimbiza fedha akichechemea, kwa kuwa pigo la nane analolingoja haliji, na katika nne ameshazipata, anatimua mbio. Mwenzangu alicheka. Alinikumbusha kwamba saksofoni ya Dick Parry, inayotangulia gitaa, hupita juu ya saba zile zile bila kulalamika, kwa hiyo nne zile ni za kumpa mpiga gitaa nafasi ya kupumua tu. Sikuwa na jibu zuri, ingawa naamini bado kwamba jambo lililofanywa kwa ajili ya wepesi wa vidole laweza kupata maana likifika sikioni.

Kwenye maneno nilisimama imara zaidi. Yeye huyasikia kama sifa za utajiri, kwa sababu anayeimba anawaza hadi kununua timu ya mpira. Mimi nasikia kejeli, na ushahidi wangu ni ubeti wa mwisho, ambamo fedha, kama wasemavyo watu, ni shina la uovu, lakini ukiomba nyongeza ya mshahara hupewi kitu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema shina ni kupenda fedha. Wimbo umeliacha lile neno kupenda, kama tunavyoliacha sisi wenyewe kila siku, na kwangu kejeli yote imo katika pengo hilo.

Mwenzangu hakujibu. Aliurudisha wimbo mwanzo, akachukua vijiko viwili na kugonga saba mezani. Gitaa lilipoingia hakubadilisha; saba zake zilikwenda juu ya nne za wimbo, zikikutana kila baada ya mapigo 28.