Intaneti ya nyumbani ikikatikakatika, tafuta kwanza inakatikia wapi

Ukipiga simu huduma kwa wateja, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kuzima ruta na kuiwasha. Mara nyingi intaneti inarudi kweli, na ndiyo maana tatizo hudumu miezi, maana kuzima na kuwasha kunafuta ushahidi. Kabla ya kugusa swichi, piga picha taa za ruta jinsi zilivyo, kisha ingia kwenye ukurasa wake (anwani iko kwenye kibandiko chini ya ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.8.1) uangalie imekuwa hewani kwa muda gani. Ikiandika dakika 40 na hakuna aliyeizima wala umeme haukukatika, basi ruta inajizima yenyewe, na huenda mtoa huduma hahusiki.

Safari ya data ina vipande vitatu: kutoka kwenye simu yako hadi ruta, kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma hadi kwingineko duniani. Pesa nyingi hapa Dar hupotea kwa kutengeneza kipande kisicho na tatizo. Mtu ananunua ruta mpya wakati waya wa faiba umekunjwa nyuma ya kabati. Mwingine anahama kampuni wakati waifai yake ya Sinza inagombania chaneli moja na za majirani kumi.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Unganisha laptopu kwenye ruta kwa waya, zima waifai ya laptopu, halafu fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt kwenye Windows). Kwenye la kwanza andika ping -t 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako), kwenye la pili ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google, nje ya nyumba yako). Amri hii hutuma swali dogo kila sekunde na kuonyesha kama limejibiwa. Yaache yakimbie wakati mtandao unasumbua, si ukiwa umetulia. Kwa waya, ruta inatakiwa kujibu chini ya milisekunde 1 au 2 bila kukosa. Ikikosa, angalia waya, tundu lake au ruta yenyewe. Ruta ikijibu vizuri lakini dirisha la pili linaandika "Request timed out" mistari minne, mitano mfululizo, tatizo liko nje ya ruta. Yote mawili yakiwa safi huku simu za nyumbani zinasumbua, tatizo ni waifai. Dakika tano ni majibu kama 300. Kukosa moja si neno, lakini yakikosekana 10 simu ya video inaganda.

Nianze na umeme, kwa sababu ndio unaosingiziwa kidogo kuliko unavyostahili. Ruta nyingi zinatumia adapta ya volti 12, ampea 1 hadi 2. Kapasita zilizo ndani ya adapta huchoka kwa joto, hasa ikichomekwa kwenye ekstensheni iliyobanwa nyuma ya televisheni. Adapta iliyochoka ukiipima kwa mita bila mzigo inasoma volti 12 kamili, ila ruta ikianza kuhudumia vifaa sita kwa pamoja volti zinashuka na ruta inajiwasha upya. Ndiyo maana "inakata usiku tu". Dawa ni adapta nyingine: volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, chanya ikiwa katikati kama mchoro wa kwenye kibandiko unavyoonyesha. Angalia na pini. Tundu la ruta nyingi lina pini ya milimita 2.1, na plagi ya milimita 2.5 huingia bila shida ila inalegea. Ukitikisa waya taa zinazima, na kila feni ikisukuma pazia intaneti inakatika.

Kwa siku ambazo umeme unakatika, UPS ndogo ya volti 12 inatosha. Betri ya mAh 10,000 ina wati-saa 37 (seli zake ni za volti 3.7), na ukitoa kinachopotea njiani zinabaki kama 30. Ruta na kisanduku cha faiba vikila wati 12 kwa pamoja, utapata saa mbili na nusu hivi. Faiba ya majumbani kwa kawaida hugawanywa mtaani kwa vigawanyo visivyotumia umeme, kwa hiyo mtaa mzima ukiwa giza laini yako inaweza kuendelea kufanya kazi. Wenye antena ya paani wakumbuke kwamba kile kisanduku kidogo kinachopeleka umeme juu nacho kinahitaji betri.

Kwenye faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki. Fuata waya kwa macho kuanzia kwenye kisanduku hadi unapotokea ukutani. Mkunjo ulio mkali kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa unavujisha mwanga, na mguu wa kochi uliokalia waya unafanya hivyohivyo. Nje, tazama kama waya umeshuka kutoka kwenye nguzo, maana lori refu likiukwangua mara moja tu mwanga unapungua. Kama LOS imezima lakini taa ya PON inapepesa bila kutulia, mwanga unafika ila kisanduku hakijasajiliwa upande wa pili. Hapo nyumbani huna la kufanya zaidi ya kupiga simu.

Hali inayosumbua zaidi ni ya katikati, laini inayofanya kazi leo na kesho inagoma. Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kati ya -15 na -25 dBm uko salama. Ikiwa -27 au -28, uko ukingoni, na vumbi kidogo kwenye kiunganishi linakuangusha. Kiunganishi cha kijani kimekatwa kwa mshazari, cha bluu kimenyooka. Ukichomeka kijani kwenye tundu la bluu ncha hazigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea. Kukisafisha mwachie fundi mwenye kalamu ya kusafishia, usikipanguse kwa shati, na usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu watazame namba mbili kwenye ukurasa wake, RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (mawimbi yakilinganishwa na kelele). RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni shida. SINR ikishuka chini ya 0 kelele zimeshinda mawimbi. Sogeza ruta dirishani, upande ulio na mnara, subiri dakika moja kila unapoiweka, andika namba. Mita mbili tu kutoka kwenye ukuta wa tofali za saruji zinaweza kubadili hali yote. Namba zikiwa nzuri halafu spidi inaanguka saa mbili hadi saa tano usiku, mnara umejaa. Pima tena saa kumi alfajiri. Spidi ikirudi juu, antena mpya haitakusaidia chochote.

Waifai ina dawa nyepesi. Kwenye 2.4 gigahezi tumia chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana uwe megahezi 20. Vifaa vya karibu vipeleke kwenye 5 gigahezi. Chumba cha mbali kivutie waya. Hapo uwe makini unaponunua Kariakoo, maana nyaya nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu ni shaba, ukiwa mweupe uache. Na ukiongeza ruta ya pili, zima ugawaji wa anwani (DHCP) kwenye hiyo ya pili, la sivyo simu zitaonyesha zimeunganishwa na hakuna kinachofunguka. Kwa nyumba za Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, kagua vichwa vya nyaya za nje kila baada ya masika. Chumvi ya bahari huvila na kuviachia kutu ya kijani.

Kuna siku kosa si la mtu yeyote mtaani kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikalemewa. Siku za namna hiyo huduma zilizo hapahapa nchini zinaweza kufunguka huku za nje zikigoma.

Ukipiga simu, taja saa kamili ya kila mkatiko, rangi za taa, nguvu ya mwanga au RSRP, na majibu mangapi yalipotea kwa waya. Dai namba ya malalamiko na uitunze. Usipohudumiwa, malalamiko yanaweza kupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na namba hiyo ndiyo inayoonyesha ulianza kwa mtoa huduma. Fundi akifika, mwombe akuonyeshe nguvu ya mwanga kabla hajagusa kitu na tena akimaliza. Kama ilikuwa -27 na bado ni -27, usisaini karatasi yake.