Madeni yaliyobaki baada ya mahakama kunifutia

Hati ya mahakama ya kufilisika hapa Texas ilikuja kwa posta. Ukurasa wa kwanza ndio unaofurahisha: jaji ameamuru umefutiwa madeni. Mimi nakushauri ukae na ukurasa wa pili, maana humo wametaja yasiyofutika: matunzo ya watoto, kodi nyingi, mikopo mingi ya masomo, faini, na deni ulilotia saini upya kwamba utalilipa.

Kesi yangu ilikuwa ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa kuyalipa. Bili za hospitali na kadi za mkopo zilikwenda zote. Kodi ikabaki. Pesa za kuendesha teksi ya programu hazikatwi kodi unapolipwa, unatakiwa uilipe mwenyewe baadaye, na deni langu lilikuwa la juzijuzi. Ili lifutike, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi za mwaka wa deni hilo iwe imepita zaidi ya miaka 3 kabla ya kufungua kesi, na bado kuna masharti mengine. Nikaingia kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nikaomba kulipa kidogo kidogo. Ukidaiwa dola 50,000 kushuka chini, unaweza kumaliza hukohuko mtandaoni. Riba inaendelea kupanda, lakini mradi hukosi kulipa, mshahara hawaugusi.

Mkopo wa masomo ndio ulionitoa jasho. Nao unaweza kufutwa, ila lazima ufungue shauri jingine ndani ya mahakama hiyohiyo na uonyeshe kuwa kuulipa kutakuumiza kupita kiasi. Kwa mikopo ya serikali kuu, tangu Novemba 2022 kuna fomu ya kiapo: kipato, pango, chakula, mafuta ya gari. Mimi niliandika hadi pesa ninazomtumia mama Kisumu. Wakili akauliza, "Hizi nazo?" Nikamwambia hizo ni kama pango tu. Akaniomba risiti, nikampa. Mwishowe mawakili wa serikali walikubali sehemu ifutwe, iliyobaki nalipa.

Halafu kuna shemeji. Alinidhamini kwa mkopo mmoja wa benki, na amri ya jaji inanikinga mimi, si mdhamini. Akanipigia: "Shem, hawa watu sasa wananitafuta mimi." Kisheria sidaiwi tena. Lakini hakuna anayekuzuia kulipa kwa hiari, kwa hiyo kila mwezi namtumia fungu lote kabla benki haijamkata, naye ananirushia picha ya risiti.